Vijiti 110 vya Mzee Lontulu

Kipindi cha historia: hati ya kusomwa, kwa wasiopata kutusikia hewani

[Muziki wa kufungulia. Unashuka taratibu.]

Kama betri za redio zilikuishia, au kipindi kilipita ukiwa kwenye mstari wa mgao, karatasi hii imechapishwa kwa ajili yako. Ukimaliza mpe jirani, maana nakala si nyingi.

Kwa majuma kadhaa sasa swali moja limekuwa likirudi kwenye simu zenu na kwenye vikaratasi mnavyotuachia mlangoni. Linasema hivi: tumehojiwa mpakani, tukahojiwa na shirika, tukahojiwa na kijana wa chuo kikuu anayetafuta shahada ya uzamivu, mwenye kinasa sauti na fomu ya kutia sahihi. Kila mmoja ameandika. Maneno yetu yanakwenda wapi? Na wengine wanaongeza: mimi niliyeacha shule darasa la nne, nina sababu gani ya kuandika majina ya watu wetu kwenye kaye, wakati wasomi wenye kompyuta wapo?

Huyo kijana wa chuo siwezi kumjibia. Lakini swali lenyewe si geni. Lilikwisha kuulizwa katika nchi yetu ya Congo zaidi ya miaka mia moja iliyopita, na wengi wa waliolijibu walikuwa hawajui kusoma hata herufi moja. Siku hizi vyuoni wapo wanaosoma hadi ngazi ya juu kabisa juu ya jambo hilo hasa: namna watu wa kawaida walivyoyaweka maovu kwenye kumbukumbu, kila mmoja kwa alichokuwa nacho. Leo nakusimulia walichokuwa nacho wazee wetu.

[Muziki mfupi.]

Serikali ile wazee waliiita Bula Matari. Kuanzia mwaka 1885 hadi 1908 Congo ilikuwa mali ya mtu mmoja, mfalme Leopold wa Pili wa Ubelgiji, ambaye hakuwahi hata siku moja kuikanyaga. Mwanzoni alitaka pembe za ndovu. Kisha, katika miaka ya 1890, baiskeli zilianza kutembea juu ya matairi ya upepo, magari yakafuata, na dunia ikautaka mpira. Misitu yetu ilikuwa imejaa mimea itambaayo yenye utomvu wa mpira. Hakuna aliyeipanda, kwa hiyo faida ilikuwa kubwa kwa yeyote aliyeweza kumlazimisha mtu kuingia msituni.

Na namna ya kumlazimisha ilikuwa hivi. Kila kijiji kilipangiwa uzito wa mpira. Mwanamume anakwenda msituni siku nyingi, analala huko, anagema. Mke wake anafungwa mateka mpaka mpira ufike. Kijiji kisichotimiza kinatumiwa askari. Sasa risasi zilitoka Ulaya, nazo zilikuwa ghali, na maofisa hawakutaka askari wazimalize kwa kuwinda nyama. Basi askari alitakiwa aonyeshe mkono wa kulia wa mtu kwa kila risasi aliyotumia. Aliyekuwa amewinda, au aliyekosa shabaha, alijaza hesabu yake kwa kukata mikono ya watu walio hai.

Angalia hapo, ndugu msomaji. Bula Matari ilikuwa na uhasibu wake. Kilo za mpira ziliandikwa, risasi ziliandikwa, mikono ilihesabiwa. Majina ya waliokufa hayakuandikwa popote katika vitabu hivyo.

Mwaka 1899, katika nchi ya Kasai, mmisionari Mmarekani mweusi aitwaye William Sheppard alitumwa kuchunguza habari za mauaji. Akafika katika kambi ya Wazappo Zap, wapiganaji waliokuwa wakikusanya kodi kwa niaba ya serikali, akaiona mikono ikikaushwa juu ya moto. Mtu mwingine angerudi na kusema ameona mikono mingi. Sheppard aliihesabu. Ilikuwa mikono ya kulia 81. Namba hiyo ilichapishwa, ikasomwa ng'ambo, na haikuwa rahisi kuifuta kama neno "mingi". Miaka kumi baadaye, mwaka 1909, alishtakiwa mahakamani Léopoldville kwa makala nyingine, ile aliyoandika juu ya mateso ya Wakuba chini ya kampuni ya mpira ya Kasai. Mahakama ilimwachia huru.

Sasa sikiliza habari inayotuhusu sisi tulioko hapa Nakivale. Katikati ya mwaka 1903 serikali ya Uingereza ilimtuma balozi wake mdogo nchini Congo, Roger Casement, apande mto aone mwenyewe. Alikodi meli ndogo ya wamisionari ili asisafirishwe na serikali aliyokuja kuichunguza. Upande wa Bolobo alitembelea vijiji viwili vikubwa akakuta karibu nusu ya wakazi ni wakimbizi. Wafua chuma, wafua shaba, wenye bidii, waliokuja na wazee, wanawake na watoto. Walikuwa wamekimbia kwa mwendo wa siku sita au saba kwa miguu, na wenyeji waliwapokea kama rafiki.

Casement akakaa nao, akauliza, akaandika. Wakamwambia kwamba mpira wa karibu ulikwisha, ikabidi waingie mbali zaidi kila safari. Kwamba mashamba yalikosa mtu wa kuyalima, njaa ikaingia. Kwamba wengine waliliwa na chui huko msituni, na walipoomba waachwe kwa sababu mpira haupo tena, walipigwa risasi. Hao ni wakimbizi wakizungumza, mbali na kwao, katika kijiji cha watu wengine. Maneno yao yaliingia katika taarifa iliyochapishwa London mwezi Februari 1904, taarifa iliyomtia mfalme hofu kuliko zote zilizotangulia. Kwa hiyo ukiambiwa kwamba ushahidi wa mkimbizi hauna uzito kwa kuwa hayuko tena mahali pa tukio, mwulize aliyekuambia kama amewahi kusikia habari za taarifa hiyo.

Lakini kuna jambo lilifanyika kabla ya kuchapishwa, nami nataka nikae hapo kidogo. Wizara ya Mambo ya Nje ya Uingereza iliondoa majina. Jina la mtu likawa herufi. Jina la kijiji likawa herufi. Hata jina la kabila lililokimbia likawa herufi na alama. Casement alikasirika sana, na mimi namwelewa, maana msomaji wa Ulaya aliyeona herufi tupu aliweza kufikiri ni hadithi ya kubuni. Mtu mwenye jina, mwenye baba, mwenye kijiji cha mtoni kinachojulikana, alibaki herufi kama ile ya hesabu za shuleni.

Upande wa pili nao una hoja. Waliotoa ushahidi waliendelea kuishi chini ya askari walewale. Hata leo mtafiti akikuambia kwamba kwenye kitabu chake utaitwa "mhojiwa wa 14", hakudharau. Anakukinga wewe na ndugu zako waliobaki. Maoni yangu ni kwamba jina linaweza kufichwa kwa wasomaji lakini lisipotee. Mahali fulani pawe na karatasi inayosema huyo wa 14 ni nani, na mwenye jina ajue karatasi hiyo iko wapi na nani ana ufunguo. Hilo una haki ya kuliuliza kabla ya kutia sahihi.

Na kuna kisa cha Epondo. Huyu alikuwa kijana aliyekosa mkono mmoja, na mbele ya Casement alisema, na watu wa kijiji wakasema, kwamba mlinzi wa kampuni ndiye aliyeukata. Casement alipoondoka, maofisa wa serikali wakamwita Epondo, wakamhoji upya, naye akabadili maneno: ukawa umeng'atwa na nguruwe mwitu. Serikali ya Leopold ilipotoa majibu yake mwezi Machi 1904 iliinua kisa hicho kimoja juu ya vyote. Visa vingi vya taarifa nzima vikasukumwa pembeni, watu wakabaki wanabishana juu ya nguruwe. Unaona hatari yake. Shahidi mmoja akitikiswa, awe ametishwa au amekosea, wenye nguvu hawataki kusikia wale wengine. Ndiyo maana wanaofanya kazi hii leo wanakusumbua kwa maswali: ulikuwepo? Uliona kwa macho yako, au ulisimuliwa? Nani mwingine alikuwepo? Wengi wetu tunayachukia maswali hayo, tunahisi hatuaminiwi. Nami nimekaa katikati nikitafsiri, nimeona mama akinyamaza kwa sababu ya swali kama hilo. Linaumiza, ni kweli. Lakini bila jibu lake kilichosemwa kitaangushwa kama kisa cha Epondo.

[Muziki mfupi. Tafadhali: ikiwa una mtoto mdogo karibu, sehemu ifuatayo isome kimyakimya.]

Mwezi Mei 1904, kituo cha wamisionari cha Baringa, katika eneo la kampuni ya ABIR, mtu aitwaye Nsala alifika akiwa amebeba kitu kilichofungwa kwa majani. Ndani yake ulikuwa mkono na mguu wa binti yake mdogo, Boali, aliyeuawa na walinzi wa kampuni. Pale kituoni alikuwepo Mwingereza, Alice Seeley Harris, mwenye kamera. Alimpiga picha Nsala akiwa ameketi kwenye baraza, akivitazama vile viungo mbele yake. Picha hiyo ilizunguka Uingereza na Marekani, ikionyeshwa ukutani katika mikutano ya makanisa na kumbi za miji, na hadi leo inachapwa.

Vitabu vingi vinamsifu mpiga picha. Alistahili, kwa kuwa angeweza kugeuza uso. Ila mimi naona tumemsahau aliyekuja. Nsala angeweza kuzika kimya, na nani angemlaumu? Alichagua kwanza kuvibeba viungo vya mtoto wake na kwenda mahali ambapo alijua wapo watu wanaoandika.

Kelele zilipozidi, mfalme alilazimika kuunda tume ya uchunguzi mwezi Julai 1904. Majaji watatu: Mbelgiji, Mwitalia na Mswisi. Wengi walitarajia watasafisha jina la mfalme, maana yeye ndiye aliyewateua. Walifika Congo mwezi Oktoba wakakaa hadi Februari 1905, wakipanda mto kituo kwa kituo, na watu wakaja. Kwa jumla walichukua ushahidi wa mara 370.

Baringa alikuja mzee Lontulu, chifu mkubwa wa Bolima. Alikuwa amechapwa viboko, amewahi kushikwa mateka na kufanyishwa kazi kwenye minyororo. Alikuja kwa mtumbwi pamoja na mashahidi 20, kwa kuwa mtumbwi haukuweza kubeba zaidi. Na alikuja na vijiti. Akaviweka mbele ya majaji. Vilikuwa 110, vya urefu tofauti: hivi ni wakubwa wa ukoo, hivi wanaume, hivi wanawake, hivi watoto. Kisha akachukua kijiti kimoja baada ya kingine, na kwa kila kimoja akataja jina la mtu wake aliyeuawa kwa ajili ya mpira.

Ninaomba utulie hapo nilipotulia mimi nilipokutana na habari hii mara ya kwanza. Lontulu hakuwa na karatasi. Hakuna aliyemfundisha kazi ya kukusanya ushahidi. Lakini hesabu anayo, na haizunguki: ni 110, si mia na kidogo. Aina za watu amezipanga ili msikilizaji aone kwamba waliokufa si wapiganaji peke yao. Kila kijiti kina jina. Na nyuma yake wameketi watu 20 wa kuulizwa mmoja mmoja kama anasema kweli. Kijana anayeandika tasnifu ya uzamivu leo akileta orodha iliyokamilika hivyo, msimamizi wake hatakuwa na la kuongeza ila tarehe.

Majaji walishawishika. Taarifa yao ilipotoka mwezi Novemba 1905 ilikiri mengi ambayo mfalme alikuwa ameyakana, na kutoka hapo njia ikaelekea mwaka 1908, alipolazimika kuiachia Congo mikononi mwa dola ya Ubelgiji. Kazi ya kulazimishwa haikuisha siku hiyo, na msiache kijana yeyote aandike hivyo kwenye mtihani. Lakini utawala wa mtu mmoja uliisha.

Ila ndani ya taarifa ile Lontulu hakuwemo. Wala wengine. Tume iliandika kwa maneno yake yenyewe, kwa muhtasari, kwa lugha ya kiofisi. Ushahidi wa mara 370 haukuchapishwa. Uliwekwa katika nyaraka za serikali huko Brussels, na watafiti hawakuruhusiwa kuusoma hadi miaka ya 1980. Wewe piga hesabu. Mtoto aliyezaliwa siku Lontulu anasema angekuwa amekaribia miaka 80 mlango ulipofunguliwa. Na mwenye nyaraka nyingine alikuwa makini zaidi: mwezi Agosti 1908, kabla ya kukabidhi Congo, Leopold aliamuru karatasi za serikali yake zichomwe, na tanuri ziliwaka kwa siku nane.

Kuna mwingine wa kumtaja kabla sijaendelea, kwa sababu ya wale wenu mnaodhani kuandika ni kazi salama. Hezekiah Andrew Shanu alizaliwa Lagos, akaja Congo kufanya kazi serikalini, kisha akawa mfanyabiashara wa kuheshimika pale Boma. Kwa siri alimtumia mwanaharakati E. D. Morel huko Uingereza nyaraka za mahakama zilizoonyesha jinsi kampuni na maofisa walivyoshirikiana. Siri ikavuja. Wafanyakazi wa serikali wakaamriwa wasinunue kwake, biashara ikafa, akasumbuliwa hadi mwezi Julai 1905 akajiua. Yeye hakupata tume ya kumsikiliza. Nawaambia wanaokuja kwetu studio wakitaka kusoma majina ya watu hewani: tutasikilizana kwanza nje, kipaza sauti kikiwa kimezimwa.

[Muziki mfupi.]

Sasa, wakati zile karatasi zimefungwa Brussels, nini kilibaki Congo? Kulibaki watu. Katika lugha ya Wamongo kulibaki usemi: kumtuma mtu mpira ni kumtesa, kumtawala kwa mabavu. Lugha yenyewe iliweka rekodi.

Na mwaka 1953 na 1954 jambo zuri sana lilifanyika pale Bamanya, karibu na mji ambao leo ni Mbandaka. Padri Mbelgiji, Edmond Boelaert, aliitisha shindano la insha. Mada: Wazungu walifikaje kwenu, na nini kilitokea? Walimu, makarani, makatekista na wengine waliojua kuandika wakaenda kukaa na wazee wao, wakauliza, wakaandika, wengi kwa Kilomongo. Humo mna majina ya walinzi, majina ya utani ya maofisa, mpaka namna vikapu vilivyopimwa. Fikiria, hii ni wakati Ubelgiji bado inatawala, na shuleni watoto wanafundishwa kwamba Leopold alikuja kuwakomboa. Insha hizo zilihifadhiwa, na mwaka 1995 na 1996 Honoré Vinck na Charles Lonkama wakazichapisha katika jarida la Aequatoria. Wanahistoria wanazitumia hadi sasa, nazo zinathibitishana na ule ushahidi wa tume ambao waandishi wake hawakuwahi kuuona.

Mimi nazipenda insha zile kuliko taarifa ya Casement. Casement alikuwa mtu wa heshima, lakini alikuja, akauliza, akapanda meli. Wale makarani na walimu walikuwa wakiwauliza babu zao.

Huko Ubelgiji nako mlango haukufunguka wenyewe. Miaka ya 1970 balozi wa Ubelgiji katika Afrika Magharibi, Jules Marchal, alisoma katika gazeti la Liberia habari za mamilioni waliokufa wakati wa Leopold. Alidhani ni uongo, akaandikia wizara yake apewe maelezo ya kuukanusha. Wizara haikuwa na lolote la kumpa. Akaanza kutafuta mwenyewe, na hata yeye, balozi wa nchi hiyohiyo, alinyimwa nyaraka kwa miaka minane. Vitabu vyake vya kwanza alivitoa kwa jina la bandia, Delathuy, kwa kuwa bado alikuwa mtumishi wa serikali. Miaka hiyohiyo mtafiti Daniel Vangroenweghe, aliyekuwa akifanya kazi miongoni mwa watu wa misitu ile, aliwakuta wazee wakisimulia mpira kana kwamba ni jana, akaenda kutafuta karatasi zinazolingana na masimulizi yao. Kitabu chake kilitoka mwaka 1985. Kumbe msomi hakuanzia kwenye maktaba. Alianzia barazani kwa mzee.

Turudi kwenye kaye yako basi, uliyoniuliza kama ina maana.

Ina maana ikiwa imeandikwa kwa namna ya Lontulu. Jina kamili, na jina la baba au mama, kwa sababu akina Bahati na Furaha ni wengi. Kijiji na mtaa wake. Siku, na kama siku huijui, andika msimu: maharagwe yalikuwa yamevunwa, shule zilikuwa zimefunga. Andika ulichoona upande wake, na ulichosimuliwa upande wake, na jina la aliyekusimulia, ila kwanza umwombe ruhusa. Weka tarehe ya siku uliyoandika, na ukisahihisha usifute, chora mstari ili lile la kwanza lisomeke. Jina la mtu aliyebaki nyumbani na anayeweza kudhuriwa lisikae ukurasa mmoja na jina la aliyemtesa. Nakala ya pili ikae kwa mtu mwingine, nyumba nyingine. Nyumba zetu za mahema na udongo tunazijua, mvua moja ya Aprili inatosha.

Na mtafiti akija, mwenye heshima zake, mkaribishe. Wengi ni watu wema na wengine wamesoma kwa shida kama sisi. Mwulize tu: sauti yangu itahifadhiwa wapi, kwa miaka mingapi, nani ataruhusiwa kuisikia, na mimi nitapataje nakala? Nikibadili mawazo nikuandikie wapi? Mtu wa uzamivu amefundishwa kuyajibu maswali hayo, na kama hayawezi, unaweza kumwambia arudi siku nyingine akiwa na majibu. Na wewe usiyetaka kusema kabisa, hudaiwi na mtu. Kumbukumbu hizi zikikulemea, washauri nasaha wapo kituo cha afya; nenda na mtu unayemwamini.

Mnaotoka Kivu, Ituri na Maniema mtaniuliza: na sisi? Vita vyetu navyo viliandikwa? Viliandikwa. Tarehe 1 Oktoba 2010 Umoja wa Mataifa ulitoa ripoti ndefu juu ya Congo, ile wengi mnaiita Ripoti ya Mapping, inayohusu kipindi cha Machi 1993 hadi Juni 2003. Ina kurasa zaidi ya 500 na matukio 617, kila moja na mahali pake na wakati wake. Waliotumwa na Umoja wa Mataifa walihoji mashahidi zaidi ya 1,280 na kukusanya nyaraka zaidi ya 1,500. Na nyingi ya nyaraka hizo hazikutoka Geneva wala New York. Zilitoka kwa vyama vidogo vya Wakongomani wenzetu, vya haki za binadamu, vya makanisa, vya akina mama, vilivyokuwa vikiandika miaka yote ile ya vita, mara nyingi kwa mkono, mara nyingi vikihama na maboksi yao mji unapotekwa.

Ripoti hiyo inapatikana, na yeyote mwenye simu ya intaneti anaweza kuitafuta na kusoma habari za kijiji chake. Majina ya wanaotuhumiwa kuhusika hayamo. Yamewekwa katika orodha ya siri huko Geneva, kwenye ofisi ya Umoja wa Mataifa ya haki za binadamu, na hadi leo tunapochapisha karatasi hii haijafunguliwa.

[Muziki wa kufungia.]